Piga Hodi, Hesabu Milango: Mwongozo Kamili wa Kukadiria Ukubwa na Mtawanyiko wa Mtandao wa Bitcoin Ukiwa Mtwara

Malipo ya korosho yakianza kuingia, Tandahimba na Newala hupokea wageni wa kila namna. Msimu mmoja alikuja kijana na kompyuta yake, akaonyesha ukutani ramani ya dunia iliyojaa vitaa vinavyowaka. Vitaa vile, alisema, ni mtandao wa sarafu yake, umeshaenea dunia nzima, na Tanzania imo. Mzee mmoja aliyekaa jirani yangu akaninong'oneza: "Mwanangu, hizo taa ni watu?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nilirudi Mtwara mjini nikakaa miezi kadhaa nikijifunza namna taa kama zile zinavyohesabiwa. Mwongozo huu ndio jibu langu kwa yule mzee, na kwa kijana yeyote wa Ligula, Mikindani, Nachingwea au Lindi mjini anayejua kidogo kuandika programu na anataka kupima mwenyewe badala ya kuamini ukuta. Nimetumia Bitcoin, sarafu ya kidijitali, kwa sababu ndiyo mtandao wa zamani kuliko yote ya aina yake, ulianza Januari 2009, na itifaki yake, yaani kanuni za mazungumzo ya kompyuta zake, iko wazi kwa kila mtu. Ukiuweza huu, mingine mingi utaipima kwa kubadili mistari miwili mitatu.

Amua kwanza unahesabu nini

Usiandike mstari wowote wa programu kabla ya kumaliza jambo hili. Hapa ndipo watu wengi hupotea, na ukipotea hapa hata vifaa vizuri havitakuokoa.

Mtandao wa Bitcoin ni kompyuta zinazozungumza rika kwa rika, bila bosi katikati. Kila kompyuta inayoendesha programu kamili, ikatunza na kukagua daftari la miamala, inaitwa nodi. Kuna nodi zilizoacha mlango wazi: ukizipigia hodi kutoka popote zinaitika. Kuna nodi zilizo nyuma ya ruta za majumbani, au nyuma ya mitambo ya kampuni za simu, ambazo hutoka kwenda kwa wenzao lakini hazipokei mgeni. Halafu kuna pochi za kwenye simu, ambazo si nodi kabisa. Kuna wachimbaji, yaani wanaoshindana kuongeza kurasa mpya kwenye daftari ili walipwe sarafu, ambao mara nyingi maelfu ya mashine zao hukaa nyuma ya nodi chache tu. Na kuna watu walioacha sarafu zao kwenye soko la kubadilishia fedha na hawajawahi kuendesha programu yoyote.

Kwa hiyo taa moja si mtu mmoja. Mtu mmoja anaweza kuwa na nodi kumi, na watu laki moja wanaweza kuwa nyuma ya nodi moja ya soko. Mkulima wa huku atanielewa haraka. Ukihesabu magunia yaliyopita kwenye mizani ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, umehesabu yaliyopita kwenye mizani. Ya kangomba, yanayouzwa kichochoroni nje ya ushirika, hayamo, na mizani haina kosa. Kosa ni la atakayesimama na kutangaza kwamba hiyo ndiyo korosho yote ya wilaya.

Andika basi juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari lako: "Nahesabu nodi zinazoitika, kwa saa hizi, kutoka mahali hapa." Nodi zisizoitika tutazikadiria baadaye kwa njia nyingine, na kadirio lake litakaa kwenye safu yake peke yake.

Vifaa, na hesabu ya bando

Unahitaji kompyuta ya kawaida yenye Linux na Python. Huhitaji kupakua daftari lote la Bitcoin, ambalo ni mamia ya gigabaiti. Anayehesabu milango haingii ndani ya nyumba. Anapiga hodi, anauliza majirani ni akina nani, anaaga.

Gharama ya bando unaweza kuipiga mapema. Hodi yenyewe haifiki baiti 150. Kinachokula bando ni jibu la orodha ya majirani: nodi hujibu kwa anwani zisizozidi 1,000, na kwa mtindo wa zamani kila anwani ni baiti 30, yaani kilobaiti 30 kwa jibu moja. Nodi 10,000 zikijibu kwa ukamilifu ni megabaiti 300 kwa mzunguko mmoja. Mtindo mpya wa anwani, unaoitwa addrv2, hupunguza mzigo huo karibu nusu kwa anwani za kawaida za IPv4.

Mimi napendekeza uwe na vituo viwili vya kupimia: kompyuta yako hapa Mtwara, na seva ndogo ya kukodi nje ya nchi. Nina sababu. Mara ya kwanza nilipima kwa laini ya simu nikifungua miunganisho 500 kwa mpigo. Milango mingi ikawa kimya, nikaamini mtandao umesinyaa. Niliporudia orodha ileile kutoka kwenye seva ya kukodi, milango iliitika. Wateja wengi wa simu hushirikiana anwani moja ya nje, na mtambo unaowagawia huweka ukomo wa miunganisho kwa kila mmoja. Nilikuwa nimepima ukomo wa laini yangu nikadhani nimepima Bitcoin.

Tangu hapo sianzi mzunguko wowote bila kundi la mashahidi: anwani 100 ambazo nimezithibitisha kuwa ziko hai kwa wiki nzima. Nazipigia hodi mwanzo wa mzunguko na mwisho wake. Mashahidi wakianguka, mzunguko wote unafutwa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika na intaneti ya Tanzania ikayumba vibaya. Mtu aliyekuwa akipima kutoka hapa siku ile bila mashahidi angeweza kutangaza kwamba dunia imezima nodi zake.

Hatua ya kwanza: pata milango ya kuanzia

Programu ya Bitcoin Core, ambayo nodi nyingi huiendesha, ina majina machache ya seva za DNS (zinazogeuza jina kuwa anwani) zinazotoa anwani za nodi zilizo hai. Kwenye terminali andika:

dig seed.bitcoin.sipa.be

Utapata orodha fupi ya anwani za IP. Ukiwa na nodi yako mwenyewe, una hazina kubwa zaidi. Amri ya "bitcoin-cli getnodeaddresses 0" inakupa anwani zote ambazo nodi yako inazijua, na kuanzia toleo la 26 "bitcoin-cli getaddrmaninfo" inakuonyesha ni ngapi kwa kila aina ya mtandao.

Usije ukachukua hesabu ya kitabu hicho cha anwani ukaiita ukubwa wa mtandao. Kitabu kina sehemu mbili: ya anwani zilizosikika tu, yenye nafasi 65,536, na ya anwani zilizowahi kuunganishwa kweli, yenye nafasi 16,384. Kwenye sehemu ya kwanza mna nodi zilizokufa, zilizohama, na hata anwani za uongo. Julai 2021 kuna mtu alimwaga anwani za kubuni kwa wingi kwenye mtandao mzima, na baada ya hapo programu iliwekewa kizuizi cha kasi ya kupokea anwani. Kitabu hiki ni uvumi wa kijijini tu, na mlango usiougonga mwenyewe hauhesabiki.

Hatua ya pili: piga hodi kwa adabu ya itifaki

Nodi za Bitcoin husikiliza kwenye poti 8333. Ukishaunganishwa unatuma ujumbe uitwao version, ambao ni hodi: mimi ni nani, naongea toleo gani, sasa ni saa ngapi. Mwenyeji anatuma version yake, kisha mnathibitishana kwa verack. Kila ujumbe huanza na baiti nne za utambulisho, F9 BE B4 D9, zinazoonyesha kwamba haya ni mazungumzo ya Bitcoin na si ya sarafu nyingine. Huu ndio moyo wa programu yangu:

import struct, hashlib, time, random

ALAMA = bytes.fromhex("f9beb4d9")

def ujumbe(jina, mzigo=b""):
    muhuri = hashlib.sha256(hashlib.sha256(mzigo).digest()).digest()[:4]
    return ALAMA + jina.ljust(12, b"\0") + struct.pack("<I", len(mzigo)) + muhuri + mzigo

def hodi():
    tupu = b"\0" * 26
    wakala = b"/sensa-mtwara:0.1/"
    return ujumbe(b"version",
        struct.pack("<iQq", 70016, 0, int(time.time()))
        + tupu + tupu
        + struct.pack("<Q", random.getrandbits(64))
        + bytes([len(wakala)]) + wakala
        + struct.pack("<i?", 0, False))

Ile False ya mwisho inamwambia mwenyeji asikutumie miamala, na hiyo ni akiba ya bando. Jina la wakala liwe la kweli. Unaingia kwenye ua wa mtu, jitambulishe. Kujifanya Bitcoin Core ili usijulikane ni tabia ya wapelelezi.

Utaratibu kwa kila mlango ni huu: tuma version, pokea version ya mwenyeji, tuma sendaddrv2 (inayosema unaelewa addrv2) na kisha verack, subiri verack yake, tuma getaddr, ambayo ndiyo huomba orodha ya majirani. Ujumbe wa sendaddrv2 lazima utangulie verack yako, la sivyo mwenyeji anaweza kukukatia. Ukijibiwa, andika anwani, saa, toleo la programu, urefu wa daftari lake na muda aliotumia kujibu. Kisha funga muunganisho. Nafasi za nodi ni chache, kwa kawaida jumla ni 125, na mgeni anayekaa bila kazi anamzibia njia mwenye kazi.

Baadhi ya nodi hutanguliza orodha yenye anwani moja tu, yao wenyewe, kabla ya ile kubwa. Ukifunga haraka umekosa majirani wote, kwa hiyo subiri sekunde chache. Pia usirudie kuuliza nodi ileile mara kumi kwa siku ukitarajia majina mapya. Tangu toleo la 0.21, Bitcoin Core hutunza jibu moja kwa takriban siku nzima na kulirudia kwa kila anayeuliza, makusudi, ili isiwe rahisi kuchunguza nani ameungana na nani.

Hatua ya tatu: zunguka hadi majina mapya yaishe

Kila anwani mpya unaiweka kwenye foleni, unaigongea, unapata nyingine. Mwanzoni foleni inafura kama mto Ruvuma wakati wa masika, kisha unaanza kuona majina yaleyale. Mzunguko umekwisha pale ambapo hakuna anwani ambayo hujaigongea.

Muda unahitaji kufikiriwa. Anwani 60,000 ambazo nyingi zimekufa, ukisubiri kila moja sekunde 10 na kwenda moja moja, ni sekunde 600,000, karibu siku saba. Ukifika mwisho, waliokuwa mwanzo wameshahama. Ukigonga milango 100 kwa wakati mmoja ni kama saa moja na dakika arobaini. Kwa laini ya simu mimi sizidi 50. Mashahidi watakuambia kama hata hiyo ni nyingi.

Usisahau nodi za Tor, mtandao unaoficha mahali kompyuta ilipo. Sehemu kubwa ya nodi zinazoitika siku hizi ziko kwenye anwani za .onion, na kuna nyingine kwenye I2P, mtandao mwingine wa namna hiyo. Ukiendesha Tor kwenye kompyuta yako, programu yako hupita kwenye poti 9050 na kuzifikia, ila ongeza muda wa kusubiri hadi sekunde 30 au zaidi. Mtu anayekuletea hesabu bila kusema kama Tor imo ana pengo kubwa asilolijua au asilotaka ulijue.

Hatua ya nne: ondoa marudio

Nodi moja inaweza kuwa na anwani ya IPv4, ya IPv6 na ya Tor, na ikahesabiwa mara tatu. Kwa upande mwingine, mtu mmoja anaweza kukodi anwani mamia akazijaza nodi bandia ili aonekane umati. Hakuna dawa kamili, lakini kuna ukaguzi ninaoufanya kila mara. Naunganisha anwani zote za IPv6 zilizo ndani ya /64 moja, yaani fungu ambalo kwa kawaida hupewa mteja mmoja, ziwe mlango mmoja. Naangalia vikundi vya anwani zinazofuatana, zenye toleo lilelile, zilizoanza kuonekana siku ileile. Kikundi cha namna hiyo siwezi kukifuta kwa hisia tu, kwa hiyo nakitoa pembeni na kuandika hesabu mbili, nacho na bila chenyewe.

Halafu kuna nodi za majumbani ambazo hubadilishiwa anwani na mtoa huduma. Ukijumlisha anwani zote ulizoona kwa mwezi mzima, nodi moja imeingia mara nyingi. Ndiyo maana hesabu ya "siku 30" huwa kubwa sana kuliko ya saa moja, na wauza maneno huipenda.

Hatua ya tano: hesabu ya wavuvi

Hata ukizunguka kwa uangalifu, kuna milango iliyo wazi ambayo hukuiona: ilikuwa imejaa wageni, au umeme ulikatika, au jina lake halikukufikia. Hapo tunaazima akili ya watu wa bahari. Mwishoni mwa karne ya 19 mtaalamu wa samaki wa Denmark, C. G. J. Petersen, alitumia samaki waliotiwa alama kukadiria idadi ya samaki majini. Vua, tia alama, achia, vua tena, angalia wangapi kati ya wapya wana alama. Mvuvi wa Mikindani hahitaji chuo kuelewa hili: ukirudi na wavu ukakuta karibu samaki wote wana alama yako, ghuba ile si kubwa.

Kwetu sisi, mzunguko wa kwanza ni kutoka Mtwara na wa pili ni kutoka kwenye seva ya kukodi, kila mmoja ukianzia milango tofauti. Zidisha idadi ya kwanza kwa ya pili, gawanya kwa walioonekana kote kuwili. Tuchukulie mfano wa kubuni: Mtwara umepata 6,000, seva imepata 5,500, na waliomo katika orodha zote mbili ni 5,000. Kadirio ni 6,000 × 5,500 ÷ 5,000, yaani 6,600. Kwa hiyo kuna kama 600 zaidi ya ulizoziona wewe mwenyewe kutoka Mtwara.

Kanuni hii inadai mambo ambayo mtandao hautimizi vizuri: kwamba hakuna aliyeingia wala kutoka kati ya mizunguko, na kwamba kila mmoja ana nafasi sawa ya kuonekana. Fanya mizunguko miwili kwa saa zilezile ili kupunguza kosa la kwanza. Kosa la pili huwezi kuliondoa. Nodi kongwe na maarufu huonekana na wote, kwa hiyo waliorudiwa huwa wengi kupita kiasi na kadirio hushuka chini ya ukweli. Andika basi "si chini ya" badala ya "ni".

Kwa kulinganisha, tafuta takwimu za mradi wa Bitnodes, ambao umekuwa ukizungukia milango hii kwa miaka mingi na programu yake iko wazi. Hesabu zake za miaka ya karibuni zimekuwa kati ya 10,000 na 25,000 kwa nodi zinazoitika, Tor ikiwemo. Ukipata 900 au 200,000, rudi kwenye programu yako kabla hujamwambia mtu.

Hatua ya sita: wasiofungua mlango

Nodi nyingi haziitiki. Lakini nazo lazima zitoke. Bitcoin Core kwa kawaida hujiunganisha na nodi 10: nane za kupashana miamala na bloku (mafungu ya miamala yanayoingizwa kwenye daftari), na mbili za bloku tu. Ukifungua mlango wako mwenyewe ukahesabu wanaoingia, unaona kivuli chao.

Weka nodi kamili kwenye seva ya kukodi yenye poti 8333 wazi. Iache wiki kadhaa, kwa sababu jina lake linahitaji muda wa kuenea. Kisha tumia amri ya getpeerinfo, inayoorodhesha waliounganishwa nayo, kila saa kuhesabu wanaoingia, ukiwaondoa wanaokaa sekunde chache, ambao wengi ni wapiga hodi kama wewe. Hesabu inakwenda hivi: kila nodi, iwe inaitika au haiitiki, hutuma miunganisho 10 kwa wanaoitika. Kwa hiyo wastani wa wageni kwa mlango ulio wazi ni 10 kutoka kwa wenzake wenye milango, kujumlisha fungu la wasiofungua. Toa 10 kwenye wastani wako, gawanya kwa 10, zidisha kwa idadi ya wanaoitika. Kwa mfano wa kubuni, ukiwa na wanaoitika 7,000 na wastani wa wageni 40: 30 ÷ 10 × 7,000 ni 21,000 wasioitika.

Nodi moja haitoshi kuwa wastani. Weka tatu au nne, kwa kampuni na nchi tofauti. Na nodi iliyojaa nafasi zote hukupa hesabu iliyokatwa kichwa, kwa hiyo ongeza ukomo kabla ya kuanza. Kadirio hili lina wasiwasi mkubwa kuliko yote humu. Mimi huliandika kwa kiwango cha chini na cha juu, sijawahi kuliandika kwa namba moja.

Hatua ya saba: ziko wapi?

Sasa tufike kwenye ramani, maana ndiyo iliyomvuta mzee wangu. Utapakua hifadhidata ya bure inayooanisha anwani za IP na nchi, kama GeoLite2, na kila anwani itapata jina la nchi, mji na hata nukta kwenye ramani. Nchi uiamini kiasi. Mji uutilie shaka. Nukta usiichore kabisa.

Fanya jaribio hili kabla ya lolote: ukiwa Ligula au Shangani, ingiza anwani yako mwenyewe ya simu kwenye hifadhidata uone inakuweka wapi. Usishangae ukijikuta Dar es Salaam. Anwani unayoonekana nayo ni ya mtambo wa kampuni, na mtambo hauko barazani kwako. Sasa fikiria hifadhidata hiyohiyo ikitoa hukumu kuhusu kijiji cha nchi ya mbali. Marekani kulikuwa na shamba moja huko Kansas lililokaa miaka kwenye nukta ya kati iliyotumiwa kwa anwani zote zisizojulikana mahali pake ndani ya nchi ile. Kisa kilitoka hadharani mwaka 2016: mamilioni ya anwani yalielekezwa kwenye shamba lile, na wenyeji walisumbuliwa na polisi na watu wenye hasira wakitafuta wahalifu ambao hawakuwahi kukanyaga pale.

Pili, oanisha kila anwani na kampuni inayoimiliki, kwa namba yake ya AS, yaani namba inayotambulisha mtandao wa kampuni hiyo kwenye intaneti. Utaona kwamba Ujerumani na Marekani zinaongoza, na mara nyingi sababu ni moja: kampuni kubwa za kukodisha seva ziko huko. Nodi ya kijana wa Lindi aliyekodi seva Ujerumani itaonekana ya Kijerumani. Gawa basi jedwali lako katika mafungu: seva za kukodi, laini za nyumbani, Tor na I2P zisizo na mahali. Hilo fungu la mwisho liandikwe "hapajulikani" na asilimia yake ionekane. Kulifuta kisha kugawa asilimia kwa waliobaki ni kusema uongo kwa hesabu.

Tatu, tumia mwendo wa nuru kukagua. Nuru ndani ya nyuzi husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila milisekunde ya kwenda na kurudi ni umbali usiozidi kilomita 100. Mtwara iko kama kilomita 400 kutoka Dar es Salaam kwa mstari ulionyooka. Nodi inayojibu seva ya Dar ndani ya milisekunde 2 haiwezi kuwa Mtwara, hata hifadhidata ikisema hivyo. Na nodi iliyoandikwa Ujerumani, zaidi ya kilomita 6,000 kutoka Dar, haiwezi kujibu kwa chini ya milisekunde 60. Kipimo hiki kinakataa tu, hakithibitishi: kuchelewa kunaweza kutokana na foleni ya njiani. Ila kikikataa, kimekataa. Ukiwa na seva tatu katika mabara tofauti, utagundua anwani nyingi zilizoandikwa mahali pasipowezekana.

Ukichapisha, linda watu

Huku kwetu nodi ni chache. Ukiandika kwamba wilaya fulani ina nodi moja, kwenye mtaa wenye intaneti ya nyumbani chache, umemtaja mtu. Na mtu anayedhaniwa ana sarafu za kidijitali ni mtu anayeweza kuvunjiwa mlango. Usichapishe anwani za IP. Usiweke fungu lenye nodi chini ya tano, liunganishe na jirani yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, isome kabla ya kuhifadhi orodha zako, na futa orodha ghafi ukishapata jumla. Kuhusu sarafu zenyewe, Benki Kuu ilitoa tahadhari kwa umma Novemba 2019, na Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa malipo ya mali za kidijitali. Kupima mtandao si kununua sarafu, lakini ukizungumza na watu wajue uko upande gani.

Kuipima sarafu nyingine

Zilizotokana na Bitcoin hupimwa kwa programu hii hii: Litecoin ni poti 9333 na utambulisho FB C0 B6 DB, Dogecoin ni 22556 na C0 C0 C0 C0. Ethereum ina utaratibu tofauti, majirani hutafutwa kwa UDP kwenye poti 30303, na humo wamechanganyika watu wa mitandao mingi, kwa hiyo lazima uthibitishe kila anayejibu ni wa mnyororo upi kabla ya kumhesabu.

Kwa sarafu usiyoijua, uliza maswali manne: programu ya nodi inapatikana wapi, inasikiliza poti gani, baiti za utambulisho ni zipi, na milango ya kuanzia ni ipi. Kisha zunguka. Nilipoipata programu ya sarafu ya yule kijana wa ramani, niliifungua nikafuata miunganisho yake. Ilikuwa ikienda kwenye seva moja, anwani moja, na seva ile haikujua jirani yeyote. Vile vitaa vya ukutani vilikuwa picha.

Nilirudi Tandahimba nikamwonyesha mzee daftari langu. Bitcoin ilikuwa na kurasa na kurasa za milango iliyoitika, nyingine zimeandikwa "hapajulikani". Kwenye ukurasa wa ile sarafu kulikuwa na mstari mmoja. Akauangalia muda mrefu, akaniomba nimwachie ukurasa ule, akaukunja akautia mfukoni, akaenda kuwatafuta wenzake.